Soksi Tupu na Tochi Thelathini na Sita

Ukifungua kifuniko cha nyuma cha tochi iliyokaa muda mrefu na betri ndani, harufu inayotoka ni ya chumvi na kutu, na ya kitu kingine kama siki iliyokauka. Mliokua miaka tuliyokua sisi mnaijua harufu hiyo, na mnaujua unga mweupe unaobaki kwenye springi na kuwasha vidole. Mwezi uliopita mama aliniambia niondoe kasha la marehemu baba kule stoo kwa sababu anataka mahali pa kuweka magunia ya mahindi. Nikakaa chini kwenye sakafu, nikaanza kufungua tochi moja moja, na harufu ikanipanda kichwani kabla sijafika ya tatu.

Baba alihifadhi kila tochi ndani ya soksi. Soksi zilizopoteza wenzake nyumbani kwetu hazikutupwa, zilikwenda kwake. Mama alikuwa akisema kwamba ndani ya nyumba hii soksi hazipotei, zinaolewa. Nilihesabu soksi thelathini na saba. Zenye tochi zilikuwa thelathini na sita. Moja, ya kijivu, ya sare yangu ya shule ya msingi, ilikuwa tupu.

Tochi ya soksi hiyo nilijua iko wapi. Ilikuwa kwa Mzee Maganga, kijijini kwake huko Sikonge, na ilikuwa inasubiri kukombolewa. Ilikuwa imesubiri miaka miwili. Aliyetakiwa kwenda kuikomboa ni mimi, na nilikuwa sijaenda.

Baba yangu alikuwa mnunuzi wa asali. Wafugaji nyuki walileta ndoo zao kwetu Isevya, pale Tabora, kwa baiskeli, naye alizipima, akazichuja na kuzipeleka kwa wauzaji. Stoo yetu haikuwa na dirisha. Mgeni akifika, hata saa sita mchana, baba alichota asali kidogo, akaijaza kwenye chupa ya kioo, akafunga mlango, na katika giza hilo la mchana akawasha tochi nyuma ya chupa. Asali safi ilipitisha mwanga, na ukutani pakatokea doa la rangi ya chai ya rangi. Asali iliyochanganywa na ya mwaka jana ilikuwa nzito na nyeusi, na mwanga ulizama humo usitoke. Kuonja alionja pia, lakini mwisho wa maneno ulikuwa tochi. "Ulimi unadanganywa," alikuwa akisema. "Mwanga haudanganywi."

Kwa kazi hiyo tochi moja ingemtosha. Yeye alikuwa nazo nyingi, na watu hawakuacha kumuuliza sababu. Jirani akiuliza, aliambiwa umeme ukikatika tutaonana. Mchungaji wetu alipouliza, baba alimjibu kwamba wengine wanakusanya mbuzi, na mbuzi wanakula maua ya mama mchungaji. Mimi nilipouliza, alifunga mlango wa stoo, akanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Tazama ukutani."

Akawasha ya kwanza, ya bati lenye mistari. Ukutani palitokea duara lenye shimo jeusi katikati. Akawasha ya pili, ndogo kama kalamu, na duara lake lilikuwa la njano na limevimba kama kiini cha yai. Ya tatu ilikuwa na pete ndani ya pete, kama maji yaliyotupiwa jiwe. Ya nne aliipata kwa mstaafu mmoja wa reli, ilikuwa na kioo chekundu na kijani cha kusogeza, na duara lake lilikuwa limekatika upande mmoja. Halafu ile kubwa ya chuma inayong'aa, ya mawe manne, maana betri tuliziita mawe, yenye balbu ya akiba imefichwa ndani ya kifuniko cha nyuma. Duara lake lilikuwa jeupe, tulivu, na upande wa kushoto lilikuwa na mstari mwembamba, kama kovu.

"Umeona?" aliniuliza. "Kila moja ina sura yake. Hata zikitoka duka moja, kasha moja. Mtu ukishaijua sura ya tochi huwezi kuiacha, ni kama kumfukuza mtu nyumbani."

Nimesoma baadaye maandishi ya watu wanaopenda tochi, maana nina tabia ya kulitafuta jambo mpaka nilichoshe. Wanasema wanapenda uzito wa chuma mkononi, mlio wa swichi, kujua kwamba mwanga uko mfukoni ukiutaka. Yote ni kweli. Lakini sijaona aliyelisema lile la sura vizuri kuliko baba alivyolisema siku ile.

Kazi yangu mimi ilikuwa mawe. Betri zikichoka hatukuzitupa. Jumapili tukitoka kanisani nilizipanga juu ya kipande cha bati uani, nikazianika juani, nikawa nazigeuza kama mtu anayegeuza makopa ya muhogo. Jioni zilikuwa na nguvu kidogo tena. Niliamini kwamba jua linaingia ndani yake na kukaa. Niliamini pia kwamba tochi ikififia kosa ni la mawe, na kosa la mawe ni langu, kwamba sikuyageuza vya kutosha. Haikunijia kabisa kwamba kitu kinaweza kufifia upande wa pili, upande wa anayetazama.

Nadhani nilikuwa darasa la tatu alipoanza kuniuliza. Aliwasha tochi ukutani, akasema, "Mwanangu, inawaka vizuri hii?"

Ilikuwa inawaka vizuri. Nilimwona alivyokunja uso, nikajua jibu analolitaka.

"Hafifu kidogo, Baba."

"Ehe. Nami naona."

Kesho yake tulikwenda mjini, dukani kwa Bwana Hasham, mzee wa Kihindi aliyeuza vifaa vya umeme na alikuwa na subira na baba kuliko mtu yeyote Tabora. Alimtolea tochi zote juu ya meza ya kioo, akamwambia, "Karibu, mteja wangu wa usiku na mchana." Baba alinishika bega. "Achague huyu. Macho yake mapya."

Hapo ndipo penye ubaya wangu. Nilipenda kuchagua. Nilipenda kusimama mbele ya ile meza, watu wazima wawili wakiningoja niseme. Kwa hiyo alipouliza tena baada ya wiki chache, nilisema hafifu. Na tena. Tochi zikaongezeka, soksi zikapungua. Baba akajikwaa kwenye ndoo zilizokuwa kando yake, nami nikacheka, naye akacheka, akasema nani kaweka ndoo hapa. Ndoo zilikuwa mahali pake pa siku zote.

Mzee Maganga alikuwa rafiki yake mkubwa kuliko wote waliotuletea asali. Baba alikuwa Mgogo na yeye Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na utani wao ulianza kabla baiskeli haijaegeshwa.

"Mgogo, upo?" aliita kutoka barabarani. "Au umekwenda kutoza watu ushuru wa maji?"

"Nipo, mpagazi. Umebeba mzigo wa nani leo?"

"Babu zangu walipita kwenu na mizigo kichwani, mkawauzia maji ya kisima kama dhahabu. Leo nakuletea asali mpaka mlangoni, bado unaimulika kama mwizi."

"Babu zako walikwenda hadi baharini wakarudi na kikohozi. Leta ndoo tuione."

Mimi alinipa jina la Mgogo mdogo. Alikuwa akiniletea kipande cha sega ndani ya jani, na kuniambia nitafune pole pole, Wagogo hawajazoea vitamu.

Siku ninayotaka kuisema alikuja mchana, msimu wa asali mpya. Walitaniana kama kawaida. Tukaingia stoo watatu, baba akajaza chupa, akafunga mlango, akawasha ile tochi kubwa ya chuma. Akatazama. Akazima, akawasha tena.

"Maganga," alisema, na hakumwita mpagazi. "Umenichanganyia."

"Nimekuchanganyia nini?"

"Ya mwaka jana humu. Nyeusi hii."

Mzee Maganga alicheka, akidhani ni utani wa aina mpya. Halafu akaacha kucheka. "Onja."

"Nimeonja. Ulimi unadanganywa."

"Miaka yote hii niliyokuletea, mimi ndiye wa kukudanganya?"

Baba alinigeukia mimi. "Mwanangu, wewe macho yako mapya. Sema rangi."

Niliitazama chupa. Ilikuwa safi. Ilikuwa na wekundu ule mwepesi wa chai ambayo haijakolea majani, na ndani yake niliona hata kipovu kidogo kimesimama. Nakumbuka kipovu kile kuliko ninavyokumbuka sura ya walimu wangu. Nilijua rangi. Na nilijua pia kwamba baba hakosei, kwa hiyo kama nilichokiona kilikuwa tofauti na alichokiona yeye, basi labda mimi ndiye sijui kutazama. Na nyuma ya hayo yote, sitaificha, nilifikiri kwamba nikisema tochi ni nzuri na asali ni nzuri, hatutakwenda tena kwa Bwana Hasham.

"Nyeusi, Baba."

Mzee Maganga alinitazama. Hakuniangalia kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akafungua mlango mwenyewe, mwanga wa mchana ukaingia, akafunika ndoo yake, akaifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli. Hakusema neno la Wagogo wala la maji. Mama alitoka jikoni na kumwambia, "Shemeji, chakula kiko tayari." Akamjibu, "Nimeshiba, shemeji," akaondoka. Hakurudi kwetu tena.

Wengine wakafuata. Baba aliona weusi kwenye ndoo ya kila mtu, na wafugaji nyuki wana midomo. Nilipofika darasa la tano hakuna baiskeli iliyokuwa inasimama kwetu. Mama ndiye aliyemlazimisha kwenda hospitali, baada ya kumwona anamimina chai kando ya kikombe. Daktari alikuwa mtu mpole. Alisema ni presha ya macho, inakula pole pole kuanzia pembeni, na kilichokwishaliwa hakirudi. Alisema mngemleta mapema, hata miaka miwili iliyopita, tungeyashika yalipokuwa. Alimwambia mama. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha baba nimeshika fimbo aliyoinunua asubuhi hiyo.

Miaka miwili iliyopita. Nilihesabu pale pale. Nimehesabu mara nyingi tangu hapo, chuoni, kwenye basi, katikati ya mtihani, na kila mara hesabu inanifikisha ndani ya stoo, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Najua mtoto wa miaka tisa si daktari. Nimejiambia hivyo kwa maneno ya kila namna. Lakini tochi zile zilikuwa zinamwambia kitu, kila wiki, kwa njia pekee ziliyoiweza, na aliyekuwa anazikanusha ni mimi.

Alipopofuka kabisa hakuacha kuzipenda. Jioni, kabla ya chakula, aliniomba kasha. Alizitoa soksini moja moja, akapitisha kidole gumba kwenye swichi, akaitaja: hii ya reli, hii kalamu, hii ya kwanza kwa Hasham. Hakukosea hata moja. Halafu aliwasha kuelekea ukutani na kuniuliza, "Inawaka?"

"Inawaka, Baba."

"Sura yake?"

Nikamweleza. Pete mbili, kiini cha njano, kovu kushoto. Alitikisa kichwa kama mtu anayepewa habari za ndugu walio mbali. Nyingine mawe yake yalikuwa yamekwisha kuoza na hazikutoa hata kichembe, nami nilisema inawaka, nikamweleza sura yake kwa kukumbuka. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili, na wa kwanza ndio ulionifundisha.

Jioni moja, nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo, aliishika ile kubwa ya chuma muda mrefu bila kuiwasha.

"Ile asali ya Maganga," alisema. "Unaikumbuka?"

"Ipi, Baba?"

"Ya siku ile. Mimi macho yalikuwa yameshaharibika, sasa najua. Lakini wewe uliona. Ilikuwa nyeusi kweli?"

Hakuuliza kwa ukali. Alitaka tu kujua kama alimkosea mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sikuwa mtoto tena, na mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Nikafikiria kwamba nikimwambia atajua kuhusu Maganga, na akijua kuhusu Maganga atajua kuhusu tochi zote, na akijua kuhusu tochi zote atajua kuhusu macho. Nikafikiria mno.

"Sikumbuki, Baba. Nilikuwa mdogo."

"Ni kweli," alisema. "Ulikuwa mdogo." Akairudisha kwenye soksi ya kijivu, na hakuniuliza tena. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata alifariki, usingizini.

Watu walijaa uani siku ya mazishi. Mzee Maganga alikuja bila kuitwa, maana mtani haitwi msibani. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa mkongojo, lakini sauti ilikuwa ile ile. Alipofika kwenye jeneza aliuliza kama Mgogo amelala kweli au anakwepa wateja. Aliingia ndani ya nyumba kama anavyoruhusiwa mtani, akatoka na tochi ile ya chuma. Makaburini, jua kali linawaka, aliinama juu ya shimo na kulimulika.

"Natazama," alisema kwa sauti ya kusikika. "Isije ikawa mmemchanganyia na kaburi la mwaka jana."

Watu walicheka, hata mchungaji. Mama alicheka na kulia pamoja. Mimi peke yangu sikuweza.

Tulipomaliza kuzika, baba mdogo alimfuata kuikomboa tochi kwa fidia, kama ilivyo desturi mtani akichukua kitu cha marehemu. Alimpelekea jogoo. Mzee Maganga aliikataa ile fidia, akaingiza tochi ndani ya koti lake.

"Sitaki jogoo, sitaki chochote," alisema. "Mgogo mdogo aje kwangu, aitazame asali yangu, aniambie rangi. Hapo nitaitoa."

Walicheka tena. Waliona ni utani mzuri.

Ndiyo maana soksi ilikuwa tupu, na ndiyo maana nilikaa sakafuni mwezi uliopita nikiishika mpaka mama akaja kusimama mlangoni. Alitazama kasha, akanitazama mimi. "Miaka miwili sasa," alisema. "Nenda kakikomboe kitu cha baba yako. Mtu mwenyewe mzee, hatakusubiri milele." Nilimwambia nasubiri majibu ya kazi niliyoomba. Akasema majibu yana simu.

Nikaenda. Nilipanda basi mpaka Sikonge, kisha bodaboda kwenye njia ya mchanga kati ya miombo, na njia nzima nilipanga maneno na kuyapangua. Nilimkuta amekaa kibarazani anasuka kamba ya mzinga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mgogo mdogo. Umekuja kwa miguu kutoka Dodoma, au kwa nini umechelewa hivi?"

Hakungoja jibu. Alinitangulia kwenye kibanda chake cha asali, akajaza chupa, akafunga mlango. Tulikuwa gizani saa saba mchana. Swichi ikalia, mlio ule ule, na duara likapita ndani ya asali na kutua ukutani, na kovu lake kushoto.

"Sema."

"Safi," nilisema. "Rangi ya chai ya rangi, isiyokolea."

"Na ya siku ile?"

Maneno yote niliyoyapanga yalinitoka. "Ilikuwa hivi hivi. Ilikuwa na kipovu. Niliona, Mzee. Niliona ni safi."

Aliizungusha chupa mbele ya mwanga.

"Nilijua umeona," alisema. "Sikukasirika na wewe, mtoto hamuumbui baba yake mbele ya mgeni. Lakini kuna kitu nami niliona. Mwanga wa baba yako siku ile haukuwa nyuma ya chupa. Ulikuwa kando, kiasi cha shibiri hivi, ukingo tu umeigusa chupa na uliobaki umepiga ukuta mtupu. Alikuwa anatazama ukuta, anasema asali nyeusi. Nikasema moyoni, huyu ananidharau, hata kutazama hatazami. Nikapanda baiskeli." Akazima tochi. "Wewe ulikuwa na miaka mingapi? Mimi nilikuwa na hamsini."

"Kwa nini hukurudi, Mzee?"

"Mtani akinuna, mwanangu, hajui aanzie wapi kutania."

Hatukufungua mlango haraka. Nilimsikia akipumua. Niliwaza kwamba baba aliniuliza jambo moja tu, na jibu lake lilikuwa limegawanywa nusu kwangu na nusu kwa mtu huyu, na hakuna kati yetu aliyempelekea. Halafu mkono wake ulinitafuta gizani na kunipa chuma kilichokuwa na joto la kiganja.

"Imekombolewa," alisema. "Wasalimie."

Nilifika nyumbani siku ya pili mchana. Magunia ya mahindi yalikuwa yamekwisha kuingia stoo, lakini ukuta ule mama aliuacha wazi. Nilifunga mlango, nikakaa juu ya gunia, nikawasha. Sijui nilikaa muda gani. Nilikuwa nasema, kwa sauti ndogo, yale ambayo nilitakiwa kuyasema siku mbili katika maisha yangu na sikuyasema.

"Unaongea na nani humo?" mama aliuliza kutoka nje.

"Najaribu tochi."

Alisimama kidogo. Niliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango.

"Inawaka?" aliuliza.

Nilichelewa kumjibu, kwa sababu nilitaka kutazama kwanza.